Risasi Iliyoukataa Mtutu

Jedidah Kwamboka alimtaka Sajini Dolan ajaribu mwenyewe. Hakutaka kesho iandikwe kwamba mpelelezi wa kukodiwa ameshika ushahidi kwa mikono yake.

Dolan alizivuta glavu kama mtu anayezigombeza. Mezani, katika chumba cha vielelezo cha kituo cha polisi, lilikuwa limelazwa gobore refu, na kando yake bahasha ya plastiki yenye risasi moja. Gobore lilitengenezwa Austria katika miaka ya 1850. Lilivushwa bahari pamoja na maelfu ya mengine wakati Wamarekani wa Kaskazini na wa Kusini walipokuwa wakiuana, na karne moja na nusu baadaye lilikuwa likiuzwa kama pambo katika duka la silaha za kale nje kidogo ya Dallas. Risasi ilitolewa kifuani mwa Florent Bisimwa, mfanyakazi wa duka hilo, mkimbizi kutoka Bukavu na baba wa watoto wawili.

Ripoti ya polisi ilikuwa fupi. Ilisema marehemu alikuwa akisafisha gobore lenye baruti na risasi vilivyosahaulika ndani tangu enzi za vita. Alipachika fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, kwa mchezo, akavuta kifyatulio huku mdomo wa mtutu ukimwelekea. Mwenye duka, Lyle Stroud, alikuwa ofisini. Alisikia mlio, akatoka, akamkuta chini, amekwisha kufa papo hapo. Msimamizi wa bohari, Mkenya aitwaye Kariuki, aliunga mkono maelezo hayo na kutia sahihi. Hapo faili likafungwa.

Dolan aliitoa risasi akaiweka juu ya mdomo wa mtutu. Ncha yake ilikuwa imepondeka kwa kugonga mfupa, lakini kitako kilibaki duara kamili. Alikisukuma kitako kile kwa kidole gumba. Hakikuingia. Alikigeuza kidogo, akasukuma tena. Risasi ilikaa juu ya tundu kama kifuniko cha sufuria nyingine.

"Risasi za aina hii hutanuka zikilipuka," Dolan alisema.

"Hutanuka ndani ya mtutu, Sajini. Haiwezi kutoka ikiwa nene kuliko njia iliyoipitisha."

Hakumpa nafasi ya kujibu. Alimwomba amulike tochi ndani ya mtutu na kuhesabu mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani yake, ile inayoifanya risasi ijizungushe inaporuka. Dolan alihesabu minne. Kisha akamwomba atazame alama ambazo mifereji hiyo iliiachia risasi. Dolan aliigeuza risasi chini ya taa, akaigeuza tena, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu. Alama zilikuwa tatu.

Jedidah alimpa kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, akamwomba akipitishe mpaka mwisho. Baruti nyeusi ikilipuka huacha masizi mazito, na tangu siku ya kifo gobore lile halikuwa limeguswa na mtu. Kitambaa kilitoka na kutu ya zamani na mafuta ya kusafishia. Masizi hayakuwamo.

"Hili halijafyatuliwa tangu mimi na wewe tuzaliwe," Jedidah alisema. "Na ninyi mmelifunga kwenye faili la mtu aliyekufa."

Dolan alivua glavu. Alisema kituo chake kina watu wachache, kwamba mwenye duka ni mtu anayejulikana, kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtilia shaka. Mwishowe alisema kwamba mtutu usio sahihi peke yake haumpeleki mtu mahakamani. Amletee gobore lililoua, atalifungua faili.

Jedidah alitoka nje bila kuaga. Aliwahi kuwa Inspekta huko Nakuru, na aliacha kazi kwa sababu ya mafaili yaliyofungwa hivi hivi. Alipofika Texas alisafisha hospitali miaka kadhaa kabla ya kupata leseni ya upelelezi. Sasa alikuwa akimfanyia kazi wakili Elibariki, Mtanzania mwenye ofisi Dallas, aliyechukua kesi ya mjane wa Florent. Alimpigia simu akiwa ndani ya gari, akamweleza alichokiona, akawasha injini kuelekea dukani.

* * *

Duka la Stroud lilikuwa bohari la mabati kwenye barabara ya viwanda, upande wa mbele ukiwa umepambwa kwa mbao na bendera za zamani. Stroud alimpokea kwa adabu hadi aliposikia ametumwa na nani. Alikuwa mtu mnene mwenye sharubu nyeupe zilizochanwa vizuri. Alirudia maelezo yake karibu neno kwa neno kama yalivyo kwenye ripoti, kisha akaongeza ambalo halikuchapwa kwenye ripoti: kwamba Florent alikuwa amepigana vita kwao, na watu wa namna hiyo huona bunduki ni mchezo. Pengine risasi ile aliileta mwenyewe mfukoni. Nani ajuaye.

Madai hayo Jedidah alikwisha kuyafuatilia. Dolan naye aliyasikia mapema, akaandika kwa kalamu pembeni mwa ripoti kwamba marehemu ni askari wa zamani. Jedidah alikuwa amekwenda Garland, katika nyumba ya Josiane, mjane wa Florent, akamuuliza kuhusu hilo kwa upole kadiri alivyoweza. Josiane alikuwa akikunja nguo za watoto. Aliacha kukunja.

"Bwana yangu alikuwa anashonaka makoti ya harusi," alisema. "Bunduki alizikimbia maisha yake yote. Banamuita askari juu ya nini? Juu ni Mukongomani?"

Alimwonyesha cherehani kwenye kona ya sebule, na koti la mtu wa kanisani likiwa bado chini ya sindano. Kuhusu kazi ya dukani, Florent alimwambia kwamba bunduki zile ni maiti, hazimdhuru mtu, na yeye kazi yake ni kuzifuta na kuzifunga kwa usafirishaji. Jedidah alithibitisha hayo kwa watu watatu waliomjua tangu Bukavu na kambini Burundi. Hakuna aliyewahi kumwona na silaha.

Kwa hiyo hakubishana na Stroud. Alimuuliza tu ni magobore gani aliyonayo yenye mifereji mitatu na tundu pana kidogo kuliko yale ya Austria. Stroud alijibu haraka mno kwamba hayo ni ya Kiingereza, yale ya Enfield, na kwamba hana hata moja. Ya mwisho aliyauza zamani. Nyuma yake, ukutani, kibao cha shaba chenye maandishi ya Enfield kilikuwa chini ya ndoano mbili tupu, na mbao kati ya ndoano hizo zilikuwa na rangi mbichi, mahali ambapo mwanga wa jua haukuwa umefika kwa muda mrefu.

Stroud aliona anakotazama. Alimwambia aondoke katika eneo lake kabla hajaita polisi.

"Waite," Jedidah alisema. "Nimetoka kwao."

Kwenye mlango wa bohari alipishana na Kariuki akisukuma kigari cha masanduku. Walikuwa wakisali kanisa moja, na Jumapili Kariuki ndiye aliyekuwa akipanga viti. Siku hiyo aliinamisha kichwa, akapita kama hamjui.

* * *

Mkewe Kariuki ndiye aliyevunja kimya. Wawira alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache. Jumapili hiyo, ibada ilipokwisha, alimsubiri Jedidah kwenye maegesho ya kanisa akiwa tayari amevaa sare ya kwenda zamu. Hakumsalimia. Alisema amechoka kulala na mtu asiyelala. Tangu mazishi, Kariuki alikuwa akikaa sebuleni mpaka kunakucha, hali, haombi, na akiulizwa anajibu ni kazi nyingi.

"Ile siku Florent alikufa, ali-drive hadi Houston," Wawira alisema. "Wewe niambie, Dada Jedidah. Mtu amekufa kazini asubuhi, polisi wametoka tu, halafu boss anakutuma delivery?"

Jedidah aliuliza alipeleka nini.

"Bunduki moja. Kwa mzee wa mafuta anaitwa Pruitt. Aliniambia jina, halafu akaniambia nisiwahi kulitaja."

Alisema kwamba yeye na mumewe walikwenda matangani kwa Josiane, wakala chakula chake, na Kariuki akasimama mbele ya watu kutoa rambirambi za wafanyakazi wenzake. Kama kuna kitu alichokijua alipokuwa amesimama pale, hataki kuwa mke wake mpaka akiseme.

Kesho yake asubuhi Jedidah alishika njia ya Houston.

Pruitt alikuwa mhandisi mstaafu aliyefiwa na mkewe, mrefu na mkavu, nyumba yake imejaa ramani za visima vya mafuta. Alimfungulia mlango akidhani ametumwa na Stroud kuhusu malalamiko yake. Jedidah alimuuliza malalamiko gani. Mzee alimpeleka chumba cha ndani na kumwonyesha gobore la Enfield likiwa mezani, bado juu ya blanketi lililosafiria. Alisema aliahidiwa limesafishwa, likamfikia chafu kama bomba la moshi. Alimpigia simu Stroud, naye akajibu alilijaribu mara moja kabla ya kulituma. Pruitt alikataa kuligusa, kwa sababu alikusudia kulirudisha lilivyo.

Jedidah alimwomba apitishe kitambaa. Kilirudi cheusi tititi, kikinuka yai viza. Mifereji ya ndani ilikuwa mitatu, na kipenyo cha tundu kililingana na kitako cha risasi ya Florent.

Hapo ndipo alipomweleza kwamba kuna mtu amekufa. Pruitt alikaa chini. Alimwomba arudie siku ya kifo. Kisha akasema jambo ambalo Jedidah hakulitegemea: yeye mwenyewe alikuwapo dukani siku iliyotangulia kifo. Alikwenda kulikagua gobore kabla ya kulichukua, akataka kuona kama bado linafyatuka. Stroud alilipeleka uani, akamimina baruti, akashindilia risasi kwa mdeki, akapachika fataki. Fataki ililipuka lakini moto haukufika ndani. Kijitundu cha kupitishia moto kilikuwa kimeziba. Walijaribu fataki ya pili, ikawa vilevile. Mvua ikaanza. Stroud alimwambia arudi Houston tu, kwamba ataitoa risasi mwenyewe, atalisafisha na kulituma.

"Na hakuitoa," Pruitt alisema.

"Hakuitoa."

Mzee alisimama akatembea hadi dirishani. Alisema kijana aliyemletea gobore alifika jioni ile, akakataa hata glasi ya maji. Yeye alidhani ni uchovu wa barabara. Aliligeukia lile gobore kana kwamba limemtukana ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alisema ataandika kila neno, ataapa mbele ya yeyote, na gobore atalipeleka kwa polisi yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Alisema Stroud amemfanya aweke ushahidi wa kifo mezani anapokula. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuheshimiwa, lakini Jedidah aliipokea. Ilikuwa na kazi yake.

* * *

Sasa alijua nani alishindilia risasi. Aliyevuta kifyatulio alikuwa bado hajulikani, na waliokuwa mle ndani wakabaki hai walikuwa wawili tu.

Alimkuta Kariuki nyumbani kwake Grand Prairie siku ya mapumziko yake, mchana. Wawira aliwafungulia sebule na hakuondoka. Alisimama mlangoni mikono kifuani. Jedidah alisema kwa sauti ya kawaida yote aliyoyapata Houston: kitambaa, mifereji, fataki mbili, mvua. Alipofika kwenye glasi ya maji iliyokataliwa, Kariuki alifunika uso.

Alichosimulia kilitoka vipande vipande. Asubuhi ile Stroud alilichukua lile gobore la Enfield ili lifungwe. Alikuwa na mazoea ya kulipua fataki tupu ili kuzibua kijitundu kabla ya kumtumia mteja silaha. Florent alikuwa ng'ambo ya meza akitandaza blanketi. Stroud alipachika fataki huku akizungumza, mtutu ukiwa umelala mezani kuelekea upande wa pili. Alikuwa amesahau kabisa kwamba jana yake hakuitoa risasi. Kariuki alimwona akivuta.

Jedidah alimuuliza kwa nini bunduki ilibadilishwa.

"Alisema hili limeshauzwa," Kariuki alijibu. "Akasema polisi wakilichukua halitarudi. Akashusha lile la Austria, kwa vile mtutu wake umeoza na hakuna mteja. Akaliweka karibu na mkono wa Florent. Mimi akaniambia nikitaka kuendelea kuishi nchi hii, ninajua la kusema."

Makaratasi yake ya kuishi Marekani yalikuwa yamekwisha muda tangu alipoacha chuo, na Stroud alijua. Ombi la kibali kipya kupitia ndoa yake na Wawira lilikuwa bado halijajibiwa. Kariuki aliyasema hayo akimtazama mkewe, lakini Wawira hakumsaidia.

Jedidah alimwambia kwamba wakili Elibariki atakuwa naye, kwamba shahidi wa kesi ya mauaji hasukumwi nje ya nchi kirahisi, ila hatamdanganya kwamba hakuna hatari. Akamwambia avae viatu waende kituoni.

"Hapana," Wawira alisema. "Polisi baadaye. Kwanza utamwambia Josiane. Ulikula matangani kwake."

Kikazi halikuwa jambo la busara. Shahidi hapelekwi kwa mjane kabla ya kuandikisha maelezo, na Jedidah alilijua hilo kuliko yeyote chumbani mle. Aliitazama sura ya Wawira, akachukua funguo za gari, akaondoka na Kariuki peke yake.

* * *

Josiane aliwapokea akiwa na tepu ya kupimia nguo shingoni. Watoto, Jordan na Jessica, walikuwa shuleni. Alimkaribisha Kariuki kiti kilekile alichokalia siku za matanga, akaenda kuleta chai. Jedidah alimzuia kwa upole, akamwomba akae.

Kariuki aliongea akitazama zulia. Alisema yote, tangu mvua ya siku iliyotangulia mpaka safari ya Houston. Alipomaliza alisema anaomba msamaha.

Josiane alikuwa ameivua tepu shingoni na kuizungusha kidoleni, taratibu, mpaka ikaisha. Jedidah alitarajia kilio. Alikuwa amejiandaa hata kumshika mkono kama atamrukia Kariuki.

"Wakati mulikuwa munabadirisha bunduki," Josiane aliuliza, "Florent alikuwa amekwisha kufa?"

Jedidah alihisi uso wake ukiwaka. Katika maswali yote aliyouliza, Dallas hadi Houston, hilo hakuliuliza. Alikubali ripoti iliposema kwamba kifo kilikuwa cha papo hapo, ripoti ileile ambayo hakuamini mstari wake mwingine hata mmoja.

Kariuki alianza tena kuomba msamaha.

"Ninakuuliza."

"Hapana, mama," alisema. "Alikuwa anapumua."

"Muda murefu?"

"Stroud alisema tumalize kwanza, ndio tupige simu. Nilifunga bunduki kwenye blanketi, nikaiweka kwenye gari. Niliporudi bado alikuwa anapumua. Aliniita."

"Alikuita namna gani?"

"Kwa jina. Aliniita kwa jina, nikaenda kufungua geti la nyuma kama nilivyoambiwa. Niliporudi mara ya pili alikuwa amenyamaza. Ndipo Stroud akachukua simu."

Josiane alisimama. Kwa muda alisimama tu katikati ya sebule, mwanamke mfupi mwenye uzi mweupe kwenye sketi, akimtazama mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Kisha akaingia chumbani. Alitoka amevaa viatu vya kwenda kanisani, mkoba begani.

"Hayo utayasema kule," alimwambia Kariuki. "Leo. Na mimi nitakuwa ninasikia."

Jedidah alimpigia wakili Elibariki njiani. Walipofika kituoni, wakili alikuwa amekwisha kuwasili, na Pruitt alikuwa amepiga simu kutoka Houston kwamba yuko barabarani na gobore lake. Sajini Dolan alitoka akiwa na kikombe cha kahawa. Jedidah alimweleza kwa sentensi chache. Alipofika mahali ambapo mtu alikuwa akipumua huku wengine wakifunga bunduki, Dolan alikiweka kikombe juu ya kaunta na hakukichukua tena. Alimchukua Kariuki na wakili, akawaingiza chumba cha mahojiano, na kabla ya kufunga mlango alimwagiza askari mwingine aende dukani kwa Stroud, aende na mwenzake, na mtu yeyote asiondoe kitu mle ndani.

Josiane aliambiwa hawezi kuingia. Hakubishana. Alisogea mpaka mlangoni, karibu kabisa, mahali ambapo sauti ya Kariuki ilipenya ingawa maneno hayakusikika vizuri. Askari wa mapokezi alimletea kiti. Alimshukuru, akakiacha.

Alisimama pale muda wote Kariuki alipokuwa akiongea, mkoba begani, bila kuegemea ukuta. Jedidah Kwamboka alisimama kando yake, na yeye pia hakukaa.